Mikono Iliyoachia

Chumba cha Sita, Ghorofa ya Tatu,
Nyuma ya Bohari ya Mbao.
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, na hawajambo wote wa nyumbani kwako? Natumai barua hii itakukuta umeacha kuchechemea na goti limekubali dawa. Shemeji naye, kikohozi kimemwachia au bado anakificha ili asipelekwe kwa daktari? Na Mapengo, meno ya mbele yameota? Mwambie mama yake mdogo anataka picha akiwa amecheka, ile ya kununa nimeshaichoka.

Mimi ni mzima wa kusema tu. Nakuandikia nikiwa nimelala ubavu wa kushoto, karatasi juu ya sinia, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Ningeweza kupiga simu, lakini siku hizi nikianza tu kusema sauti inakatika. Afadhali kalamu, yenyewe hailii.

Mtoto anacheza vizuri tumboni. Ni miezi saba na wiki moja sasa. Baba kijacho yuko safarini na lori lake, amebeba saruji, na gari limemharibikia njiani, anasubiri kipuri. Kila asubuhi ananipigia kuuliza nimekula nini. Hapo namwambia ukweli. Akiuliza nimelalaje, namdanganya.

Ulinikanya, Dada. Ulisema kazi ya wazee na tumbo kubwa haviivi chungu kimoja, nami nikakucheka. Pale makao ya wazee tuna wazee ishirini na sita, wauguzi wawili kwa zamu, na yule mhudumu mwenye nguvu aliyekuwa akitusaidia kunyanyua aliacha kazi mwezi wa nne, mpaka leo hajaletwa mwingine. Daktari wa kliniki alishaniandikia nipewe kazi nyepesi. Matroni akaisoma ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye droo. Si mtu mbaya. Aliniambia yeye mwenyewe chupa ya uzazi ilimpasukia wodini akiwa ameshika chati, na kama ninaye mtu wa kumweka mahali pangu, basi nimlete. Sikuwa naye. Nikachukua beseni langu nikarudi kazini.

Sasa nikusimulie habari ya mzee mmoja, maana ndiye aliyefanya nikuandikie.

Tulimwita Refa. Ujanani alikuwa mwamuzi wa mpira, na hata baada ya kiharusi kumlegeza mguu wa kushoto hakuacha kazi yake. Mzee akitema dawa, Refa anampa kadi ya njano. Akitukana, nyekundu. Mimi alinisalimu kwa wingi kila siku, "Hamjambo?", nami sharti nijibu "Hatujambo", kwa sababu, alisema, mchezaji wa akiba naye ana haki ya kusalimiwa. Alikuwa mrefu kama mlingoti na mzito vilevile. Kumsimamisha ilikuwa kazi ya watu wawili, na hilo kila mtu alilijua, mimi wa kwanza.

Jumanne moja, leo ni siku kumi na mbili zimepita, nilikuwa naye bafuni na mwenzangu. Tumeshamwogesha, bado kumsimamisha ili tumvike. Mara kule ukumbini bibi mmoja akapaliwa na uji, mwenzangu akakimbia. Nilitakiwa nisubiri. Lakini Refa alikuwa ameketi na maji mgongoni, anatetemeka, na dakika zinakwenda. Akasema yeye yuko tayari, atashika chuma cha ukutani. Nami nikasema haya.

Alisimama vizuri, Dada. Nikamshika chini ya makwapa, tukapiga hatua moja. Ya pili, ule mguu mbovu ukateleza ukakunjika, naye akaniangukia mzima mzima. Nyuma yangu kulikuwa na kona ya sinki. Niliiona kabla hata ya kugeuka, nikajua itaingia wapi.

Nikamwachia.

Nilimwachia nikajitupa pembeni, mikono yote miwili juu ya tumbo. Yeye akaenda chini peke yake. Sitakueleza ile sauti. Nilipomgeukia alikuwa amelalia nyonga, uso umegeuka rangi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmeumia?"

Hospitali kubwa walimpiga picha wakasema nyonga imevunjika, ila moyo wake hauwezi kuhimili dawa ya usingizi, kwa hiyo hawatampasua. Wakamrudisha kwetu siku ya pili alale. Mtu wa umri ule akilala namna hiyo, sisi wa kazi hii tunajua njia inakoelekea. Tulimgeuza, tukamsafisha, tukamchoma sindano za maumivu. Zaidi ya hapo hatukuwa na la kufanya.

Kwenye kitabu cha ajali Matroni alinielekeza niandike kwamba mgonjwa aliteleza. Nikaandika. Si uongo, maana kweli aliteleza. Lakini nilipoweka sahihi nilihisi kama nimemwachia mara ya pili.

Jumamosi akaja binti yake. Ni fundi cherehani, mama wa makamo, mkimya. Alikaa na baba yake muda mrefu, kisha akanifuata kwenye chumba cha mashuka akanishika mkono, akaanza kunishukuru. Alisema baba yake hamsifu mtu, lakini mimi amenisifu. Dada, kusingiziwa kubaya unakujua, lakini hujaonja kushukuriwa kusikokustahili. Nilivumilia kidogo, kisha nikamwambia yote: kwamba nilikuwa peke yangu, kwamba sikusubiri, kwamba baba yake hakuniponyoka. Nilimwachia.

Alilitazama tumbo langu, akatazama mashuka, akalitazama tena. Halafu akasema taratibu, "Nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Sasa nimempata, na siwezi."

Akarudi kwa baba yake. Sikumfuata. Nilikunja mashuka yote yaliyokuwamo mle, hata yaliyokwisha kukunjwa.

Refa mwenyewe hakuwahi kulitaja lile jambo. Nilipomgeuza alifumba macho akauma mdomo, kisha akaniuliza kama mtoto anapiga mateke. Ningeona heri anitukane.

Jumatano nilikwenda kliniki. Mkunga akapima presha mara tatu, akamwita daktari. Miguu yangu nilishazoea kuiona imevimba, nikidhani ni ya kusimama. Daktari hakunigombeza. Aliniambia nitoke pale moja kwa moja hadi kitandani, nisipande ngazi zaidi ya mara ile moja ya kurudi nyumbani, nisinyanyue hata ndoo, mpaka siku ya kujifungua. Nilimwambia kuna mgonjwa wangu nataka nikamuage kwanza. Akaniuliza kama nimesikia alichosema.

Basi nikalala. Jirani wa chumba cha nne, muuza mboga, ananiletea maji na chakula na kunisimulia ugomvi wa jengo zima. Mwenzangu wa kazini akanipigia Alhamisi kusema Refa amekataa uji na ameuliza tuko wapi. Alimjibu tumepumzishwa na daktari. Naye Refa akasema vizuri, tusije, ngazi ni nyingi.

Alifariki Ijumaa saa tatu asubuhi. Binti yake alikuwa naye. Amezikwa jana, nami nilikuwa hapa hapa, ubavu wa kushoto, nikiyatazama maji ya mvua yakichora ukuta. Nilivaa kanga nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikasema nitashuka pole pole, ngazi moja moja. Kichwa kikazunguka, nikalala tena. Kazi nzima niliyoweza kumfanyia ilikuwa ile.

Watu wananiambia maneno mazuri. Matroni amesema ajali haina kinga. Amekuja mwenyewe na machungwa, akakaa kitako pale kwenye ndoo iliyogeuzwa, na sijawahi kumwona mnyonge namna ile. Mwenzangu anasema nilimwokoa mtoto. Baba kijacho naye hivyo hivyo. Wote wanasema kana kwamba nilikaa nikapima, huku uzito huu, huku ule, nikachagua. Sikupima. Mikono iliachia kabla sijawaza lolote.

Ninapolala hapa nairudia ile asubuhi. Nasogeza kiti karibu. Namfunika taulo kavu, namwambia subiri mzee wangu. Naita mtu. Lakini nikifika pale anaponiangukia, hata nimpende vipi, mikono inaachia. Hilo sijamwambia mtu isipokuwa wewe: ikirudi kesho, nitamwachia tena. Nikijua ni yeye, nikijua atauliza kama tumeumia, nitamwachia.

Usije, Dada, goti lako lipone kwanza. Wala usinitafutie maneno ya kunipoza. Wewe umezaa wanne, niandikie tu jambo moja: uzazi ndio huu, au ni mimi?

Msalimie sana Shemeji. Msalimie Shangazi, lakini usithubutu kumwambia nimepumzishwa kitandani, maana atapanda gari kesho yake na ile miguu yake. Mapengo na ndugu zake unibusie mmoja mmoja. Muuza mboga anakusalimu ingawa hakujui, anasema dada wa mtu ni dada wa jengo zima. Mungu awatunze, awaondolee kila kilicho kizito kuliko mikono yenu.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka kila saa,

Kitindamimba