Mtutu Unaong'aa

Jumatatu, 4 Machi

Leo tena! Risasi zangu za mwanzo zote juu kulia kwenye shabaha, zimetawanyika kama nzi waliofukuzwa mezani. Baadaye zikatulia, zikawa zinaingia karibu tundu moja — lakini ndiyo hivyo, hesabu ilikwisha kuharibika. Kocha hana habari na zinazochelewa kutulia.

Alisimama nyuma ya visigino vyangu. Mimi nimelala kifudifudi, yeye kasimama, ndivyo anavyopenda. Akasema timu nzima isikie kwamba naogopa bunduki kama paka anavyoogopa maji. Siogopi bunduki! Naogopa watu. Bunduki haijawahi kunisema.

Malkia akacheka kuliko wote. Malkia ni binti wa shangazi yangu. Jina alijipa mwenyewe na watu wakalikubali, jambo ambalo siwezi kuwasamehe. Mimi kanipachika Bubu. Nalo wakalikubali.

Bunduki yenye kitako kifupi, inayotutosha sisi wawili, klabu inayo moja tu. Tunapokezana. Kila siku mimi ndiye wa kwanza. "Wewe mdogo, tangulia," anasema, kwa upole wa kuwaonyesha watu. Yeye anapiga mwisho, na sheria ya klabu ni kwamba wa mwisho ndiye anayesafisha. Basi anasafisha! Anasukuma brashi, anapitisha vitambaa mpaka vitoke vyeupe, anamalizia na mafuta. Kocha anauinua mtutu kuelekea dirishani, anachungulia kwa jicho moja, anatikisa kichwa kwa raha. "Unang'aa. Jifunzeni." Alikuwa jeshini. Nadhani kule alikuwa anachungulia tu.

Nyumbani shangazi alikuwa keshapata habari. Mwenzio anabaki kusugua bunduki, wewe unakimbilia sahani! Ningeweza kumwambia kuhusu sheria. Mdomo ukajifunga kama kawaida.

Mchujo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nafasi katika kambi ya walenga shabaha ni moja, na tunaigombea mimi na Malkia. Kitanda, chakula, mafunzo mwaka mzima. Shule nimemaliza, na shangazi ameanza kuuliza baba atakuja lini kuchukua mzigo wake. Mzigo ni mimi. Ananiuliza mimi!

Jumatano, 6 Machi

Juu kulia. Sina la kuongeza.

Hapana, ninalo. Mtunza stoo aliumwa jino, shavu limevimba kama kaficha andazi. Alifunga mapema, bunduki zikaingia kabatini kama zilivyo. Kocha alikuwa kwenye kikao. Wengine walishangilia. Malkia peke yake ndiye aliyekasirika. Alimfuata yule mgonjwa hadi getini akimsihi ampe ufunguo, asafishe upesi, dakika chache tu, tafadhali baba. Mtunza stoo akamwambia bunduki haifi kwa kulala bila kuoga.

Njiani nilimtazama. Alikuwa anauma kucha. Nikawaza: kumbe ana bidii kweli, na mimi ni mwovu kumchukia. Nikajisikia vibaya hadi nyumbani. Bure kabisa!

Ijumaa, 8 Machi

Kumi!

Risasi ya kwanza kabisa, kumi. Ya pili ikagusa tundu la kwanza. Sikubadilisha kitu — pumzi ileile, mkanda uleule, woga uleule. Zote zimekusanyika, unazifunika kwa kifuniko cha chupa. Kocha alichukua karatasi ya shabaha, akaigeuza upande wa nyuma, sijui alitegemea kuona nini. Akasema, "Leo umekula nini wewe?" Hiyo ndiyo sifa yangu ya kwanza tangu nijiunge.

Niliinua kichwa kumtafuta Malkia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahau jiko linawaka. Hakutazama karatasi. Alitazama bunduki.

Alipomaliza zamu yake akaipeleka stoo na kuisugua kana kwamba anasugua ngozi yangu. Mafuta aliyotia leo yangetosha kukaangia.

Nimetoa karatasi zangu za zamani chini ya godoro, nimezitandika sakafuni. Zote ni habari moja. Mwanzo juu kulia, halafu zinatulia. Ni ya leo tu iliyotulia tangu mwanzo, na ni leo tu nimeukuta mtutu haujasafishwa.

Siyo mimi! Jamani, siyo mimi. Risasi ya kwanza inapita kwenye chuma kitupu kilichopakwa mafuta, inateleza inavyotaka. Ya pili nayo. Kila moja inaacha masizi kidogo na madini kidogo ya risasi yaliyoyeyuka, mpaka njia inakuwa sawasawa, ndipo zinazofuata zinapita kama waliotangulia. Siyo kwamba uchafu ni mzuri. Ukizidi sana bila shaka zinatawanyika tena, nao mtutu utaliwa na kutu. Lakini mtutu uliotoka kuoshwa haujawa tayari. Unahitaji risasi za kuuamsha. Na anayeuamsha kila siku ni mimi, kwa alama zangu. Malkia anaukuta umeamka.

Swali ni moja. Anajua?

Jumapili, 10 Machi

Anajua.

Tulikuwa tunafua. Nilikaa na lile swali tangu sabuni hadi kusuuza, na lilipotoka lilitoka dogo, nusu limezama kwenye beseni. Nikasema, dada, ile bunduki ikisafishwa si inapoteza zile za mwanzo?

Hakushtuka. Alikamua shati mpaka likalia.

"Umechukua muda mrefu, Bubu. Nilianza kukuonea huruma."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwani niliuliza? Nina mdomo kama wengine, ni wa kulia chakula tu? Halafu akasema lile ambalo nimelisikia kichwani siku nzima — kwamba hajavunja sheria hata moja. Anasafisha anavyofundishwa. Nikitaka, nikamshtaki kwa usafi!

Akacheka. Mimi nikamwaga maji yangu machafu kwenye ndoo yake ya kusuuzia. Kwa bahati mbaya, nilisema. Haikuwa bahati mbaya.

Jumatatu, 11 Machi

Nimezungumza na Kocha. Mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu! Nilikuwa nimejifunza maneno njiani nikitembea. Nilimwomba kitu kidogo: aturuhusu kupiga risasi kadhaa zisizohesabiwa kila bunduki inapotoka kusafishwa. Au tubadilishane kutangulia. Au aiache siku moja tu bila kusafishwa aone mwenyewe.

Alinisikiliza hadi mwisho, ndiyo ubaya wake. Kisha akawaita wote wakusanyike. "Njooni mfundishwe! Binti amemaliza shule, ametuletea somo. Bunduki chafu inalenga vizuri!" Wakavunjika mbavu. Akasema ameshika bunduki kabla mama yangu hajaota meno. Akasema amewaona wavivu wa kila aina, lakini mvivu aliyeupeleka uvivu wake darasani, huyo ni mimi wa kwanza.

Nikamwonyesha karatasi ya Ijumaa. Mkono ulitetemeka, karatasi ikapiga kelele. Akasema, "Ijumaa ulitulia. Leo unatetemeka. Mimi naona mkono, sioni mtutu."

Malkia alisimama palepale. Neno moja lake lingetosha. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

Risasi za kwanza: juu kulia. Bila shaka!

Nawachukia wote wawili. Ila Kocha namchukia kama mvua, anamnyeshea yeyote. Malkia namchukia kwa jina.

Jumatano, 13 Machi

Mungu ana mzaha.

Baada ya mazoezi, Malkia akiwa ameshasafisha na kabati limeshafungwa, Kocha alitoa sarafu mfukoni. Alisema hataki manung'uniko kuhusu nani anatangulia (akanitazama mimi, kama vile mimi ndiye mji mzima unaonung'unika). Anarusha sarafu. Itakayotokea ndiyo zamu ya Jumamosi, na Ijumaa tutafanya mazoezi kwa zamu hiyohiyo.

Malkia anatangulia. Mimi napiga mwisho.

Majaribio ya Jumamosi ni risasi mbili tu kabla ya zinazohesabiwa, kwa sababu risasi ni chache. Mbili haziamshi kitu, nimeona kwa macho yangu.

Mimi napiga mwisho Ijumaa. Kwa hiyo Ijumaa ninasafisha mimi.

Nilimwona Malkia akilifikia hilo wazo. Lilimchukua hatua tatu kuelekea mlangoni, kisha akasimama.

Alhamisi, 14 Machi

Leo naitwa mdogo wangu. Mdogo wangu, kaa hapa. Mdogo wangu, lala wewe kitandani, mimi nitalala chini leo. Muda wote huu nimelala sakafuni, mgongo unajua kila ufa wa saruji ile, na leo ndiyo kagundua kitanda kinaweza kuhama!

Nililala chini. Nikamwambia nimezoea.

Shangazi alitutazama, akasema ni vizuri mnavyopendana.

Ijumaa, 15 Machi

Niko stoo. Naandika kwenye goti, kitambulisho cha klabu nimekitia katikati ya kurasa zisifungwe na upepo. Mtunza stoo yuko nje kwenye kivuli, jino limeng'olewa, anawasimulia walinzi.

Leo Malkia alitangulia kwenye mafuta yake mwenyewe. Juu kulia! Juu kulia! Kocha akasimama nyuma ya visigino vyake, akamwuliza na wewe umeambukizwa? Watu walicheka kile kicheko changu, nakijua vizuri, kina mahali pake kabisa mwilini. Nilitegemea nitafurahi. Nilifurahi. Nikatazama pembeni ili nisionekane.

Mimi nikapiga mwisho, mtutu ukiwa umeamka. Safi. Kocha akanirudishia karatasi.

Halafu akanikabidhi bunduki mbele ya wote. Kesho asubuhi ataichungulia kabla ya risasi ya kwanza. Akikuta hata kivuli cha masizi, aliyesafisha harushi risasi, anarudi nyumbani. Akarudia, "Harushi. Wewe na somo lako."

Malkia kanifuata hadi hapa. Alifunga mlango kwa mgongo. Nilidhani atanipiga, na nadhani naye alidhani hivyo.

Akasema, "Usitumie brashi. Wala mafuta. Pitisha kitambaa kikavu mara mbili, utang'aa. Yule mzee macho yamekwisha, anachungulia mwanga tu."

Nikamwuliza, "Na asipokuwa kipofu?"

Aliitazama brashi.

"Nitarudi nyumbani mimi," nikasema. Sauti yangu haikutetemeka. Nimeitambua kwa shida. "Wewe utapiga peke yako. Utapata kambi bila hata kushindana."

Akasema hakuwaza hivyo. Labda hakuwaza. Akasema na yeye ana umri, mama yake ameshaanza kumwambia maneno, kama kambi haipo basi kuna mwanamume mwenye duka anayekuja kila Jumapili kusalimia, na hasalimii ukuta. Sikujua hilo. Nimekuwa nikimpikia chai huyo mtu! Machozi yalimlenga, akayafuta kwa nguvu, akakasirika tena.

"Kwa hiyo utanifanyia makusudi."

Nikamwambia, "Nitasafisha ninavyofundishwa, dada. Sheria moja sitaivunja."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Ni maneno yake. Nilidhani yatakuwa matamu mdomoni.

Ametoka. Hajaenda mbali. Naviona viatu vyake chini ya mlango.

Sasa mambo ni haya. Nikiusafisha vizuri, nimemwangusha, na hakuna mtu duniani atakayeniita mbaya. Kocha atatikisa kichwa kwa raha. Shangazi atasema mtoto amebadilika. Nikiuacha nusu chafu, nimemtendea haki, na huenda ndiyo siku yangu ya mwisho klabuni. Angalau angesema samahani! Angesema tu, Jumatatu pale mbele ya Kocha, "ni kweli asemavyo." Leo tungekuwa tunacheka wote, na bunduki ingekuwa imepewa risasi zake za kuamkia.

Nimekwisha kupitisha kitambaa kikavu mara mbili. Nimeuelekeza dirishani, nimechungulia. Unang'aa. Au ni mwanga tu? Ukizungusha kidogo kuna mstari wa kijivu, mwembamba, upande wa chini, karibu na mdomo. Jicho langu ni la msichana. La Kocha sijui. Nazungusha tena. Upo. Haupo.

Nimechovya brashi kwenye dawa ya kuondoa masizi, ipo juu ya kopo, inadondosha. Matone yanaangukia kwenye karatasi yangu ya leo, ile nzuri.

Mtunza stoo anagonga, anauliza kama nimeoga mimi au nimeosha bunduki, anataka kufunga. Viatu vya Malkia vimesogea.

Nimemjibu kwa sauti, "Bado, baba — nisubiri," na nimeshika fimbo ya kusafishia mtutu; brashi bado iko juu ya kopo.