Mvua Ambayo Hukuipima

Baba yangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia tu kisha uulize mvua ikoje, kwa hiyo nikutoe hamu mapema. Hapa Dodoma mjini bado kukavu, upepo unatutilia vumbi mpaka kwenye chai, ila kwenu Kibakwe wanasema mawingu yameanza kukusanyika mlimani. Nimekuandikia kwa sababu ile kesi yako na Mama imekwisha. Imekwisha juzi, mezani kwangu kazini, na sina mtu mwingine wa kumsimulia ambaye angefurahi kama wewe.

Kesi yenyewe tulikula nayo miaka yote. Siku niliyozaliwa, Mama alipandishwa lori la mahindi saa kumi na mbili asubuhi kupelekwa hospitali Mpwapwa. Mbele palikuwa na nafasi yake na ya bibi tu, nyuma abiria wamejaa juu ya magunia, wewe ukaambiwa ufuate kwa baiskeli. Ulifika jua linazama, mimi nimeshazaliwa, nimeshanyonya, nimeshalala. Tangu siku hiyo Mama akaamini kwamba ulibaki Kibakwe kungoja saa tatu, saa yako ya vipimo, ili upime mvua kwanza. Nani angemlaumu? Hata ulipokuwa na malaria ulijifunika blanketi ukaenda kuchungulia kile chombo cha bati nyuma ya ofisi ya kilimo, ukarudi ukaandika tarakimu zako huku meno yanagongana.

"Ulipima," Mama alikuwa akisema huku anakupakulia ugali.

"Sikupima, mama Rehema. Njia ilikuwa mbaya."

"Njia ya Mpwapwa ni mbaya kila siku."

"Niliandika kwenye taarifa ya mwezi kwamba sikupima, na sababu nikaitaja."

"Iko wapi hiyo taarifa?"

Hapo mlikuwa mnanigeukia mimi, wote wawili, nami nainamia mlenda wangu.

Nakiri tena. Nilikuwa darasa la pili. Wewe ulitunza nakala za taarifa zako kwenye kasha la mbao chini ya kitanda, kila mwezi umebanwa kwa pini yake. Nikadhani nakusaidia. Nikazichomoa pini zote, nikazipanga karatasi kwa ukubwa, kubwa chini na ndogo juu, nikazitoa barazani zipate hewa. Upepo wa mwezi wa nane haukunionea huruma. Bado nakuona ukitoka bafuni mbio na taulo kiunoni, povu la sabuni sikioni, unaruka mitaro kukimbiza mvua za miaka kumi, na unacheka. Mbuzi wa jirani walifaidi za kwao. Jioni tukakaa sakafuni kuzipanga upya. Hukunichapa. Uliniambia tu, "Karatasi hazipangwi kwa ukubwa, mwanangu. Zinapangwa kama zilivyokuja." Tulipomaliza, mwezi mmoja ulikosekana, nao ulikuwa mwezi niliozaliwa.

Nimeutafuta mwezi huo maisha yangu yote. Hata ulipofariki, katikati ya msiba, nililiinamia lile kasha nikapekua tena, nikijua haumo. Iliniuma kwamba umeondoka ukiwa bado mshtakiwa, na ushahidi wako nimeupoteza mimi.

Sasa ucheke. Kazi yangu siku hizi ni kuchomoa pini. Kweli. Kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa karatasi za zamani haziachiwi pini, kwa kuwa kutu hula karatasi, kwa hiyo nakaa siku nzima nachomoa moja moja kwa uangalifu. Na sharti kubwa la kazi ni lile lile la sakafuni kwetu: kila karatasi ibaki kwenye mpangilio iliokuja nao. Wenzangu walifundishwa chuoni, mimi nilifundishwa na mtu mwenye povu sikioni.

Mwezi uliopita yaliletwa maboksi ya taarifa za kilimo kutoka wilayani, mengine yameshaonjwa na mchwa. Nilikuwa napangua na Sekela, binti tunayekaa naye meza moja, nikakutana na tarakimu ya saba kwa mwandiko wako, ile unayoikata kwa mstari kiunoni. Nikakaa chini. Nikaanza kufunua mwezi baada ya mwezi, polepole, kwa sababu niliogopa mchwa wamenitangulia.

Hawakunitangulia. Mwezi wangu ulikuwapo, Baba. Siku tatu hazina tarakimu, na pembeni mwandiko wako: "Sikupima. Niliondoka mara tu lori lilipotoka, kumfuata mke wangu Mpwapwa. Amejifungua mtoto wa kike. Nimerudi nikakuta maji ya siku tatu yamechanganyika." Chini yake mkubwa wako wa wilayani amejibu kwa wino mwekundu: "Mambo ya nyumbani yasiletwe kwenye taarifa. Gawanya kwa tatu, ujaze nafasi, urudishe." Nawe ulirudisha. Hukujaza. Uliongeza mstari mmoja tu kwa wino wa buluu: "Siwezi kuandika mvua ambayo sikuipima."

Nililia. Nililia kwa furaha na kwa kukukumbuka, mpaka Sekela akanipokonya karatasi. "Dada, lilia pembeni," akaniambia, "hiyo ni ya serikali."

Karatasi haitoki nje ya jengo, kwa hiyo nilimpigia Mama nikamwambia aje, kuna kitu chako. Akaja na ndoo ya viazi vitamu, ikazuiliwa mapokezi, akanuna kidogo. Ndani Sekela akamwomba anawe mikono, maana ndiyo taratibu ya wasomaji. Mama akanawa mpaka kwenye viwiko, akakaa mezani, akatulia. Baada ya muda akaninong'oneza, "Chakula chenyewe kinachelewa, au ndiyo mambo ya ofisini?"

Nikamwekea taarifa yako mbele yake. Alisoma akipitisha kidole hewani juu ya mistari, bila kuigusa. Akarudia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake kama mkosaji wa siku ile ya pini.

"Kumbe," akasema. Halafu, "Nipe kalamu."

"Hairuhusiwi, Mama. Hakuna anayeongeza neno humo."

"Na huyu wa wino mwekundu aliruhusiwa na nani?"

Nikamuuliza anataka kuandika nini.

"Najaza hapa alipoacha wazi. Siku ile mvua ilinyesha. Tunatoka Kibakwe ilikuwa inamwagika hadi dereva haoni mbele. Kule mteremkoni lori lilizama matope, utingo na abiria wa nyuma wakashuka kulisukuma, mimi na uchungu wangu namwomba Mungu tu."

Alikuwa ametazama ile nafasi iliyo wazi, na nikaona anapiga hesabu yake mwenyewe.

"Sasa baiskeli ingepitaje pale," akauliza, wala hakuniuliza mimi. Akajifunika uso kwa kanga. Alipoifunua alikuwa anacheka na macho yamelowa. "Aliibeba. Alitokea wodini bega moja limechubuka na shati lote tope jekundu. Nilimwona kwa macho yangu, nikadhani ameanguka njiani kwa kukimbizana na muda, baada ya kupima mvua zake."

Nimemtolea nakala. Ameikunja akaiweka pamoja na picha yako, ile ya kofia. Alipokuwa anaichukua ndoo yake pale mapokezi aligeuka akaniambia, "Mwambie basi."

"Nimwambie nani, Mama?"

"Baba yako. Si wewe ndiye mwenye kazi ya makaratasi?"

Nami nakuambia. Umeshinda, Baba, na aliyeshindwa amefurahi kuliko wewe. Taarifa yako nimeilaza kwenye boksi jipya, bila pini, katikati ya miezi miwili iliyokuja nayo. Nafasi yako iko wazi kama ulivyoiacha, na maadamu nipo hapa hakuna atakayeijaza.

Ila siku ile, Baba, Kibakwe ilinyesha. Mama anasema ilinyesha sana. Hakuna aliyeipima.

Pumzika vizuri.

Mwanao wa kwanza, yule wa pini,
Rehema