Kadi ya Bosi

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na Mama naye yupo salama. Mimi nipo, nasukuma siku. Nisamehe mwandiko. Dereva wa basi la mchana ameniambia hangoji mtu, na simu yako tangu jana haipatikani. Ya Mama ndiyo hii hapa, aliisahau juu ya friji.

Ulipohama uliondoka na gari ukaniachia mbwa, Bosi na Mpole. Siku ile nilicheka. Sikujua kwamba mtu mwenye mbwa wawili wazito kama watu wazima, halafu hana gari, ni mfungwa. Makondakta wananikatalia kabla sijafungua mdomo. Mwenye teksi mmoja alikubali, akamwona Bosi, ghafla akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Chakula chao nabeba kichwani, gunia zima, na majirani wamenipachika jina la Mama Mbwa. Nimeshalizoea.

Kutembea nao wote wawili siwezi, unajua mwenyewe. Mpole anafuata bila kuvutwa. Bosi akiona pikipiki ananiburuta hadi mtaroni. Mwaka jana alinichuna magoti yote mawili.

Sasa habari zenyewe. Jumamosi iliyopita, Mama alipokuwa hapa, Bosi alimng'ata kidole alipokuwa akimwekea chakula. Kidonda kidogo, matone mawili ya damu. Tulikwenda zahanati, muuguzi akauliza kama mbwa amechanjwa. Mama, aliyekuwa ameichukua kadi ya chanjo ya Bosi, akaitoa mkobani kwa maringo, akasema binti yake ana utaratibu. Muuguzi akautazama muhuri, akaosha kidole, akakifunga bandeji na kuturudisha nyumbani bila sindano. Njia nzima Mama alinisifia. Jumatatu akapanda basi kurudi kwako.

Jumanne Bosi alisusa chakula. Jumatano akawa anabweka kwa sauti isiyo yake, kavu, mate yakimtoka mfululizo. Nilimsogezea maji, akayatazama akitetemeka. Alhamisi miguu ya nyuma ikamkatalia. Jana asubuhi nilimkuta amekufa kwenye kona ya banda, macho wazi. Daktari wa mifugo alikuja kuchukua kichwa chake kwa vipimo. Alisema dalili zote ni za kichaa cha mbwa, lakini kadi inaonyesha amechanjwa mwaka huu. Akaigeuzageuza ile kadi, akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Bosi hakuchanjwa. Walikuwa wanachanja upande wa pili wa mji, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku ya kwanza nilimpeleka Mpole. Siku ya pili ilikuwa zamu ya Bosi. Niliyaangalia magoti yangu, nikaiangalia barabara, nikamvua Bosi mkanda wake mwekundu nikamvika Mpole, nikaondoka naye tena. Wamefanana mno, hata wewe ulikuwa ukiwachanganya. Mchanjaji alikuwa na foleni ndefu, akachoma, akagonga muhuri kwenye kadi ya Bosi. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

Leo asubuhi nimemweleza muuguzi ukweli, kwa sababu mate ya Bosi yalinigusa kwenye mikwaruzo ya mkono. Akanichoma sindano ya kwanza. Ndiyo, kaka, mimi nimeshachomwa na Mama bado. Naona aibu kuliandika hilo. Muuguzi amesema sindano inasaidia kabla ugonjwa haujaanza; ukishaanza, hakuna dawa. Leo imetimia wiki tangu Mama ang'atwe.

Ningekuja mwenyewe. Lakini daktari ameagiza Mpole akae amefungwa, nimwangalie usiku na mchana, hakuna jirani anayethubutu kumkaribia, na basi halipakii mbwa. Kwa hiyo nampa dereva barua hii pamoja na simu ya Mama. Atapita mlangoni kwako jioni.

Usisubiri kesho, wala usimsubiri Mama amalize kula. Najua atabisha. Atakwambia mbwa ana kadi, na kwamba binti yake ana utaratibu. Mwambie kadi ile ni ya uongo na mwenye uongo ni mimi. Hasira zenu nitazipokea zote, mradi awe amechomwa kwanza. Gari unalo wewe. Liwashe.

Nisalimie Mama mkiwa njiani.

Mdogo wako,
Mama Mbwa