Jina Lako Kwenye Mlango wa Mabati

Kwako baba,

Wiki jana ulimtuma ndugu yako mdogo hapa Kitengela aniulize swali moja. Hukuuliza kama mke wangu alijifungua salama. Hukuuliza kama mama bado anaumwa na mgongo. Ulitaka kujua kama kijana amepewa jina lako, kwa kuwa ndiye mvulana wetu wa kwanza, na kwetu Wakikuyu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu yake. Miaka ishirini na mitatu uko Loitokitok unamwagilia vitunguu maji, na mila ndiyo uliyoikumbuka. Nilifoka mpaka baba mdogo akaacha chai yake mezani na kwenda zake.

Nakumbuka ulivyonifundisha kuandika. Ulichukua msumari, ukanishika mkono, tukakwaruza jina lako, NJOROGE, kwenye mlango wa mabati. Herufi ya J niliigeuza, ukacheka, ukasema tuiache hivyo hivyo. Nilikupenda sana siku hiyo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwaka uliofuata ulisema unaenda kutafuta shamba la kukodi, na kwamba utatuita mvua ikianza.

Nikiwa darasa la nne tulipewa insha, "Baba Yangu". Niliandika kwamba wewe ni dereva wa lori na utarudi Krismasi. Nilipata alama nzuri.

Sasa mwalimu ni mimi. Shule yetu iko karibu na machimbo ya mawe, na watoto wengi darasani mwangu wanalelewa na nyanya zao au na majirani. Muhula huu nilitoa insha ile ile bila kufikiri, kwa sababu imo kitabuni. Naserian, msichana anayeishi na nyanya yake mfua nguo, aliandika vizuri kuliko wote. Nikamsimamisha awasomee wenzake.

"Baba yangu ni dereva wa lori," akaanza. "Atarudi Krismasi."

Darasa likacheka, maana wote wanajua hana baba wa kurudi. Yeye aliendelea kusoma mpaka mwisho, akaketi, akafunika daftari kwa mikono yote miwili. Kosa lilikuwa langu, na nilimwomba msamaha mbele ya darasa zima. Wewe umewahi kumwomba nani?

Siku hiyo nilifika nyumbani nikamwambia mama kwamba mtoto ataitwa jina lolote ila hilo. Alikuwa amempakata, hata hakuniangalia.

"Hiyo jina si yake peke yake," akasema. "Ilikuwa ya babu yake mbele yake, na huyo hakutoroka mtu."

Basi sikia kutoka kwangu, usimsumbue tena baba mdogo. Mtoto anaitwa Njoroge. Sikumpa jina hilo kwa heshima yako. Heshima yako uliondoka nayo. Nimempa kwa sababu mama ameomba, na kwa sababu nataka nilitamke kila siku bila kukunja uso. Akifika umri wa kuandika insha, ataandika juu ya mwalimu anayerudi jioni na vumbi la chaki kwenye suruali, na hatalazimika kubuni neno hata moja.

Jina lako limerudi nyumbani. Wewe baki huko huko.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Baba Njoroge