Tangawizi Katika Kiwanja cha Andendekisye

Rungwe, 12 Agosti 1956

Mwanangu Andendekisye,

Amani ya Bwana ikukute huko Igowole. Hapa tu wazima, ila mama yako kiuno kinamsumbua, nami magoti yananisema kila nikipanda mlima. Baridi ya Mufindi umeizoea? Na kazi ya chai inakwendaje?

Habari ya shamba si njema. Tangawizi imeoza. Majani yaligeuka njano kuanzia chini. Nikavuta shina moja, likatoka bila ubishi, na harufu yake naijua. Kilichopona ni kapu moja la mbegu. Nimelifukia kwenye udongo mkavu nyuma ya jiko.

Unakumbuka nilivyokufundisha: udongo uliozaa tangawizi hupumzishwa miaka mingi, maana uozo hubaki humo. Ndiyo sababu kila mwaka tumehamia juu zaidi. Shamba linapanda mlima nami nazeeka. Sasa juu yake umebaki mwamba mtupu.

Udongo usioguswa ni kiwanja chako tu, kando ya migomba, nilipopigilia vigingi ili ujenge utakaporudi. Mama yako anasema, "Panda tu, ni mtoto wetu." Nami nasema kitu ulichokwisha kumpa mtu unakiombea ruhusa. Kama unakuja kujenga, mbegu nitampa jirani yetu Jailos, nasi tutakaa mwaka bila kitu cha kupeleka sokoni. Kama huji, niambie pia. Tunapanda Novemba.

Baba yako,
Isakwisa

Rungwe, 7 Oktoba 1956

Mwanangu,

Salamu tena. U mzima? Labda barua yangu ilipotea njiani, au kazi ni nyingi.

Jailos alikuja kuulizia mbegu. Nilipomweleza ninachongoja, alicheka sana. "Mwalimu, unaomba ruhusa kulima ardhi yako? Hata Serikali haituombi!" Nikacheka naye. Lakini mama yako bado anafagia kiwanja kile kila Jumamosi, kama una wageni humo.

Mbegu zimetoa macho. Zikichipua sana, hukatika wakati wa kupanda. Nijibu, hata kwa neno moja.

Baba yako

Igowole, 28 Oktoba 1956

Tata, shikamoo. Namwamkia na mama. Mimi ni mzima.

Barua zote mbili zilifika. La kujibu nililijua, la kuanzia sikulijua.

Pandeni, Tata. Limeni kiwanja chote na vigingi mng'oe. Ninaishi na Severina, binti wa Kihehe. Baba yake ametupa kipande cha ardhi hapa, nami nimeanza kufyatua matofali. Nilipaswa kuwaambia kabla.

Mama mweleze wewe. Wewe unajua kueleza.

Mwanao,
Andendekisye

Rungwe, 2 Desemba 1956

Mwanangu,

Tumeipokea barua yako, na tunashukuru kwamba u mzima.

Hili sikuweza kulieleza. Nilimsomea mama yako kama ulivyoandika. Akachukua jembe, akaenda kiwanjani. Nikamfuata na kapu. Tulikuwa mstari wa tatu alipouliza, "Huyo Severina anakula ndizi?"

"Sijui. Wahehe ni watu wa ugali."

"Atajifunza," akasema, akaendelea kuchimba.

Nilipoanza kung'oa kigingi alinishika mkono. Kwa hiyo vigingi vipo, mistari imevipita kando. Kazi ilituchosha. Siku hizi tunapumzika hata kabla ya kuchoka.

Neno la mwisho unalijua, lakini nalirudia, ndivyo nilivyo. Tangawizi haipandwi mahali pamoja miaka miwili. Tukivuna Julai, pale hatutapanda tena. Tutapanda wapi, sijui. Lakini kiwanja chako kitakuwa wazi.

Msalimu Severina. Mama yako anauliza kama anasikia baridi huko.

Baba yako