Msichana Haulizwi Atarudi Lini

Free Area, Nakuru
14 Januari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Free Area. Natumaini goti limekuachilia kidogo, na Mama na ng'ombe wote hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili tu. Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hampatani tena tangu ile mashine ya kusaga mahindi ilipokula masikio yako, na mambo haya siwezi kumtuma kaka Gedion akupigie kelele nayo sikioni majirani wakisikia. Mathenge, yule wa lori la mboga, atakuletea barua akija huko kuchukua kabichi.

Baba, nimenyimwa tena.

Mara ya kwanza unaikumbuka. Yule ajenti alisema nichague kozi ya kutunza wazee kwa sababu ndiyo inayopita haraka, nami kwa ujinga wangu nikakubali, mtu mwenye diploma ya mambo ya maziwa. Wale wa visa wakauliza, huyu aliyesomea maziwa anatafuta nini kwa wazee? Wakaninyima. Safari hii nilichagua mwenyewe. Nilikaa saiba, kwenye zile kompyuta za kulipia, na Celestine, yule ninayeishi naye, tukapitia vyuo vya Kanada mpaka macho yakauma, nikapata kozi ya kutengeneza jibini. Inafuata vizuri kabisa na kazi yangu hapa kiwandani. Chuo kikanikubali. Nikajua mambo yamenyooka.

Sasa wamekataa kunipa kibali cha masomo kwa sababu nyingine. Wanasema hawaamini kwamba nikimaliza nitarudi Kenya, hawaoni kitu kinachonifunga huku. Sina mume, sina mtoto, kazi yangu ni ya mkataba, na sina shamba wala chumba kwa jina langu. Nilitaka kuwakasirikia, Baba. Halafu nikakaa nikajitafuta kwenye boma letu, nikaona wanasema kweli. Hata jembe lenye jina langu halipo.

Chuo kimenishikia nafasi mpaka Septemba. Nakuomba mambo mawili. Uniandikie barua ya kuwaambia kwamba nina kwetu na nitarudi. Na ukiweza, unikatie kipande cha shamba, hata kidogo, kiandikwe jina langu. Najua ninachokiomba. Tafadhali usikasirike kabla hujamaliza chai.

Binti yako,
Chelangat


Ndabibi
2 Februari 2024

Kwa binti yangu Chelangat,

Salamu zetu zikufikie popote ulipo hapo mjini. Sisi tu wazima. Mvua imekataa, upepo wa ziwani unaleta vumbi mpaka kwenye ugali, na yule ng'ombe mweusi amezaa dume tena, sijui ana ugomvi gani na mimi. Goti lipo. Mamako anasema ule vizuri, picha uliyotuma ilimtia wasiwasi.

Chai niliimaliza. Kisha nikakasirika.

Kwanza hilo jibini. Mamako ametia maziwa kwenye kibuyu tangu kabla hujazaliwa, anakisugua kwa mkaa, maziwa yanalala humo, yanaamka yakiwa mursik ambayo hata mchungaji wa kanisa huja kuifuata. Hakuna aliyempa visa. Wewe unataka kuvuka bahari ukafundishwe kugandisha maziwa. Lakini wewe ndiye uliyesoma, sitabisha.

La shamba ni zito. Sisi hatuna desturi hiyo, na unajua. Binti ni wa kwenda. Gedion alipojua unachokiomba alitoka nje akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Anasema tukikupa, halafu uolewe huko, tutakuwa tumepanda mzungu katikati ya viazi. Niache nifikirie.

Ile barua uliyoomba nimeiandika, imo humu ndani ya bahasha. Niliiandika kwa moyo wangu wote. Wapelekee, waone kwamba una baba.

Babako,
Kipketer


Free Area, Nakuru
11 Februari 2024

Kwa Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie ninakula, ni picha tu ilikuwa mbaya. Hapa joto limezidi na maji ya bomba yanakuja yakitaka.

Baba, ile barua yako kwa watu wa visa nimeisoma mara nyingi, kila mara nalia, na siwezi kuipeleka. Umewaandikia hivi: "Huyu ni mtoto wangu mwema. Nimemtoa mikononi mwangu na kumweka mikononi mwenu. Asiangalie nyuma. Huko aendako ndiko kwao sasa. Mpeni mahali pa kukaa, na Mungu amjalie watoto kati yenu." Baba! Hao watu wanaogopa kitu kimoja tu, kwamba nitabaki kwao, na wewe umewaomba wanikalishe mpaka nizae. Celestine alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi nilicheka kidogo, kisha uchovu ukanishika, nikalala na viatu.

Nilichotaka ni neno moja. Nitarudi. Nimelitafuta juu mpaka chini, halimo.

Nimechoka, Baba. Kiwandani napima maziwa ya watu tangu alfajiri, jioni nakaa saiba kueleza maisha yangu kwa watu ambao hawataniona. Wananiuliza kwa nini nitarudi, nawaambia kwa sababu kwetu ni kwetu, na hilo kwao si jibu. Sasa nakuuliza wewe, na unisamehe nikiuliza vibaya. Ulisahau kuliandika, au hutaki nirudi?

Binti yako,
Chelangat


Ndabibi
3 Machi 2024

Kwa Chelangat,

Tumepata barua. Hatujambo. Mvua imenyesha siku moja ikatubu.

Swali lako lilinichoma, lakini nitalijibu. Sikusahau. Msichana akitoka kwa baba yake haulizwi atarudi lini. Kwetu, kumwambia binti anayeondoka kwamba atarudi ni kumtakia mabaya, ni kusema aendako patamshinda. Shangazi yako Chemutai, siku anaolewa, bibi yako alishindwa kujizuia akamshika mkono akasema, "Utarudi, mama." Akarudi kweli, na sanduku lake, na jicho limevimba. Watu wote walisema ni lile neno lililomvuta. Aliishi jikoni kwa mama yake mpaka alipofariki, na babu yako hakumwonyesha hata pa kuchimbia nguzo moja ya nyumba. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani alipenda tu kulala karibu na moto.

Basi mimi nilikuandikia baraka, kama inavyostahili. Kalamu ilifika kwenye hilo neno ikakataa. Usiseme tena kwamba sitaki urudi.

Niache nikae na jambo hili. Nina mambo ya kuzungumza na mamako.

Babako,
Kipketer


Ndabibi
16 Juni 2024

Kwa binti yangu Chelangat,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mvua sasa ni nzuri, viazi vimeota, na mamako amepona kikohozi. Mathenge ameniambia unamwuliza kila mara kama amebeba bahasha. Mambo ya ardhi huenda polepole, na nilikataa kukuandikia nusu ya habari.

Tulienda mbele ya bodi ya ardhi, mimi, mamako na Gedion. Mwenyekiti aliinama akanipigia kelele sikioni, "Mzee, kwa nini unampa binti shamba?" Waliokuwa nje kwenye foleni wote walisikia, wakachungulia dirishani waone ni mzee gani huyo. Nikajibu kwa sauti hiyo hiyo, "Kwa sababu ni mtoto wangu!" Wakamwuliza mamako kama anakubali. Akasimama akasema, "Mimi Linah nimelima hilo shamba tangu niolewe, na leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa. Nakubali." Chelangat, nimeishi na mwanamke huyo na sikujua ana sauti hiyo.

Gedion alitazama viatu vyake. Alitaka upewe upande wenye mawe. Mwishoni akasema hana pingamizi, na nyumbani hakula.

Umepewa kipande cha chini, penye udongo mweusi. Karatasi zimo humu. Barua mpya pia imo, ni fupi: "Naitwa Kipketer. Chelangat ni binti yangu. Ana shamba lake hapa Ndabibi, na atarudi." Mamako alikaa kando yangu nikiliandika hilo neno, na nilitoa jasho. Mungu atajua kwamba ni la ofisi tu.

Babako,
Kipketer


Free Area, Nakuru
30 Agosti 2024

Kwa Baba na Mama,

Natumaini mnaendelea vizuri, na viazi vilipata bei. Mimi nipo.

Wamekataa, Baba. Nilipeleka kila kitu, karatasi za shamba juu kabisa, na barua yako. Jibu limekuja juzi. Mambo ya kurudi safari hii hawakuyagusa. Wanasema mtu mwenye kazi na shamba na ujuzi wa maziwa hajaeleza vya kutosha kwa nini aende mbali hivyo kusomea jibini. Mara ya kwanza sikuwa na sababu ya kusoma, mara ya pili sikuwa na sababu ya kurudi, na sasa sina sababu ya kwenda.

Chuo hakiwezi kushika nafasi tena. Celestine anasema tutafute nchi nyingine, kozi nyingine, na ana orodha tayari. Nilimwambia aniache nilale. Sitaki kusikia neno kozi. Kiwandani wamenipa zamu ya asubuhi kama kawaida, hakuna anayejua, nachukua sampuli za maziwa naandika nambari.

Kinachoniuma zaidi ni nyinyi. Nimewapeleka mbele ya bodi, mkatazamwa dirishani, nimemnyima Gedion chakula ndani ya nyumba yake, yote kwa ajili ya karatasi ambayo haikusaidia. Tafadhali mrudishie Gedion kile kipande. Hakina kazi tena. Nitatia sahihi popote mtakaponiambia. Mwambie anisamehe.

Binti yako,
Chelangat


Ndabibi
12 Septemba 2024

Kwa binti yangu Chelangat,

Salamu za nyumbani zikufikie. Tuko wazima wote, na watoto wa Gedion wamefungua shule.

Barua yako nilimsomea mamako. Akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda. Pole, mwanangu. Pole sana. Umechoka, na una haki ya kuchoka. Sitakuambia ujaribu tena, na sitakuambia uache.

Kabla sijamaliza kuikunja barua, Gedion alikuwa amekuja na maneno yale yale yako, kwamba safari imekufa, basi kipande kirudi. Aliongea kwa heshima, simlaumu, ana watoto wa kulisha. Nikamwuliza, kilitolewa kwa ajili ya nani? Akasema kwa ajili ya wale watu wa visa. Hapo nikaona nyinyi wawili ni ndugu kweli, mnakosea pamoja.

Mimi siwajui wale watu. Ni kweli nilianza kwa sababu ya karatasi yao, sitakudanganya. Lakini siku mpimaji alipopigilia vigingi akaniuliza aandike nani, nililitaja jina lako, na lilitoka mdomoni kwa urahisi mpaka nikashangaa ni nini kilichokuwa kigumu siku zote. Nilisimama pale mpaka mpimaji akaondoka. Wale watu sikuwafikiria hata kidogo.

Walitaka kitu cha kukufunga. Mimi sikukufunga. Ukipata njia, nenda. Ukitaka kukaa Nakuru, kaa. Olewa na mzungu ukipenda, Gedion atazoea. Kipande ni chako ukiwa huko na ni chako ukiwa hapa, na siwezi kumrudishia Gedion kitu ambacho si changu.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwombaji. Nyasi kwenye shamba lako zimefika magotini, na ng'ombe wangu wananyoosha shingo juu ya ua. Naomba ruhusa ya kuwalisha hapo mpaka uamue utapanda nini. Nijibu upesi. Ukikataa, sitauliza sababu.

Babako, na jirani yako wa upande wa juu,
Kipketer