Nyama ni Nyama, Mfupa ni Mfupa

Nyumba ya nyuma ya bucha,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaituma, maana najua ulivyolelewa. Marahaba. Hujambo? Na wifi yangu, miguu imepungua kuvimba? Mwambie ainyanyue akilala, na wewe ujifunze kupika. Sisi huku wazima, mradi usimuulize Baba habari za magoti yake.

Nilikwambia kwenye simu kwamba mtoto wetu alichomwa kisigino alipozaliwa, damu ikadondoshewa kwenye karatasi, ndiyo maana tunamwita Kidoti. Hapo simu ikakatika, nami nikashukuru, maana sikujua nianzie wapi. Ana ugonjwa wa kurithi, tena wa nadra sana. Kwenye nyama, mayai, maziwa na maharage mna kitu ambacho mwili wangu na wako unakivunjavunja bila hata kutuarifu. Wake hauwezi. Kinajaa kwenye damu, kinafika ubongoni, na ubongo ukishaharibika haurudi. Dawa yake kubwa ni kutokula vitu hivyo. Umesikia? Mjukuu wa muuza nyama.

Baba alilipokea jambo hilo kama mtu aliyetukanwa dukani kwake. Alisema ukoo wetu umekula nyama tangu zama za mababu na hakuna aliyeugua, kwa hiyo lawama ziende kwa mama mkwe wangu. Mama mkwe naye, fundi cherehani asiyekubali kushindwa hata na uzi, akajibu kwamba kwao wote wana akili timamu, na wa kutiliwa shaka ni wanaokata nyama huku wakiongea nayo. Tulipokwenda kliniki, daktari akawaeleza kwa upole kwamba ugonjwa huu hutoka pande zote mbili, sawa kwa sawa, na wanaoubeba huwa wazima, hawana habari. Njiani wazee hao wawili wakakubaliana, kwa mara ya kwanza tangu harusi yangu, kwamba yule daktari bado mtoto.

Basi tukaanza maisha ya kupima. Maziwa yake maalumu yananuka vibaya, lakini mwenyewe anayapigia makofi. Viazi tunapima, wali tunapima. Damu ilikuwa inakwenda vizuri, kisha ghafla ikapanda. Tukapima tena, imepanda zaidi. Mdogo wangu, niliogopa. Nilikuwa namtazama akicheka, najiuliza kama atakuja kujua anachokicheka.

Nikamshuku mama mkwe, maana machoni pake kila mtoto amekonda. Nikafunga kabati la chakula na ufunguo nikatembea nao. Yeye aliendelea kumshonea Kidoti gauni lenye mfuko mkubwa mbele, na mfuko huohuo ndio uliomtoa kwenye lawama. Siku ya kulifua alikuta mfupa wa ubavu ndani, umefyonzwa mpaka unang'aa. Akaubeba kwa vidole viwili hadi bucha, nami nyuma yake, akautua juu ya meza ya Baba mbele ya wateja.

Baba hakukana. Alishangaa tu. "Kwani nimempa nyama?" akauliza. "Nyama ni nyama, mfupa ni mfupa. Hata bei yake ni mbalimbali."

Mteja mmoja akaitikia kwamba hapo mzee ana haki. Kumbe kila nikimwachia mtoto, alimpa mfupa uliochemshwa autafune, kwa kuwa anaota meno. Ilibidi nimweleze kwamba kilichogandia mfupani, na mchuzi wake, vyote ni vilevile kama nyama. Nilimfokea, ndugu yangu, mbele za watu. Akaweka kisu chini.

"Nimemharibu?" akaniuliza.

Nikampeleka Kidoti kupimwa damu tena. Siku za kusubiri majibu ya damu Baba alifungua bucha lakini hakuongea, hata na nyama. Damu ikashuka. Daktari akasema tumewahi, na Kidoti akampigia makofi.

Sasa unaikumbuka mizani ya Baba, na kile kidole gumba chake ambacho wateja husema kina kilo yake peke yake? Amenunua mizani ndogo ya viazi vya Kidoti. Anapima mikono ikiwa nyuma, na pumzi ameibana asije akaupuliza upande mmoja. Mama mkwe anasimama karibu, ufunguo wa kabati shingoni, anamkagua.

Ninachokuandikia hasa ni hiki. Wifi anakaribia kujifungua. Huenda nawe umebeba nilichobeba mimi. Kama yeye hana, mtoto hataugua, lakini nani ajuaye? Achomwe kisigino mapema. Akilia, mwache alie, nawe lia naye.

Mama mkwe anakusalimu, shemeji yako pia, na Kidoti anakupungia kijiko. Mungu amfungue wifi salama, awape mtoto na usingizi kidogo.

Baba amesimama nyuma yangu, anataka niongeze neno. Anasema damu ya mtoto ikiwa safi, atakutumia ubavu mzima. Isipokuwa safi, atakuja mwenyewe na mizani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua.